Kiazi Namba 417

Sakitu ilishuka usiku tatu mfululizo.
Tuliamka tukidhani mtu kamwaga majivu
juu ya matuta yote, kuanzia mtoni hadi kanisani.
Jua lilipopanda majani yakawa meusi,
yakalegea vidoleni kama chai iliyokwisha chujwa.
Nguruwe waliyanusa, wakageuka.
Hapo ndipo nilipoogopa.

Wengine waliteremka bonde la chini kwa mashemeji,
na watoto, na vikapu vya nyuzi,
na ile aibu ya mgeni asiyejua ataondoka lini.
Mimi nilibaki na goti langu bovu,
nikichimba viazi vilivyopikwa na baridi,
vyeupe ndani, vichungu, vyenye maji.

Mwezi wa tano likaja gari la Taasisi ya Taifa ya Utafiti wa Kilimo
(jina refu kuliko barabara yetu),
tope hadi madirishani.
Akashuka Tindiwi, kalamu sikioni,
na magunia ya marando yaliyoloweshwa njiani
kila penye kijito.
Hakuhutubia. Alinyoosha daftari:
Weka saini, mama. Marando mia mbili,
mia nne na kumi na saba.

Namba!
Huku Enga kiazi kina jina, kina ukoo,
kina mwanamke aliyekuja nacho siku ya kuolewa.
Namba ni ya gari. Namba ni ya mfungwa.
Nilipanda hivyo hivyo.
Njaa haijui kusoma.

Miezi minane.
Nikachimbua cha kwanza, nikakifuta kwa kanga ya mkono:
ngozi nyekundu, ncha imepinda
kama kidole gumba cha mtu mbishi.
Nikakikata. Pete ya zambarau
katikati ya weupe.
Nikakaa chini pale pale kwenye tuta.

Mama yangu alikiita Mkwe Kanyamaza,
kwani siku aliyompikia bibi yetu
lawama zilikoma mpaka jioni.
Kilipotea katika ukame, nikiwa sijaota meno ya utu uzima.
Tulikitafuta kwa majirani. Tukaacha.

Siku mbili juu ya lori la kahawa nikafika kituoni.
Nilitarajia jumba. Nilikuta mabati yenye kutu,
mizani iliyofungwa kwa waya,
paka, na mishahara ya Machi haijafika Juni.
Tindiwi akafungua daftari kuukuu, akasoma:
417. Ngozi nyekundu. Udongo mweusi.
Mita elfu mbili mia tano.
Chanzo: mwanamke mmoja.

Mwanamke mmoja!
Walipima hata urefu wa mlima aliosimama.

Nilikuja na maneno makali, lakini alinitoa nje.
Akiba haiozi, husema wenye ghala.
Akiba ya kiazi huoza.
Hailali guniani; hupandwa, huchimbwa, hukatwa rando,
hupandwa tena, ama imekwisha.
Mara thelathini na moja wamempanda Mkwe Kanyamaza
watu wasiomjua jina,
hata mwaka ule wa risasi barabarani,
mzee Nenk alipolima safu zote na wanawe,
bila malipo, bila kuulizwa,
kiazi cha mama ya mtu fulani.

Nikauliza: Na 418?
Mwanamke mmoja.
419?
Mzee, karibu na daraja.
420?
Akafunika macho. Mwanamke mmoja.

Basi lete penseli, nikasema.
Akaandika nikimtajia, herufi kwa herufi:
Pyaso, mke wa Lakari, Mkwe Kanyamaza.
Safu ya chanzo ilikuwa nyembamba;
jina la mama likavuka mstari
likaingia kwenye safu ya magonjwa.
Akataka kufuta.
Nikamshika mkono: liache.
Na hayo pia aliyavumilia.